KHOFU YA LISILOKUJA

Kumshukuru Mwenyezi Mungu ni wajibu katika afya na katika maradhi, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: ndugu zetu wa darsa wametuuliza kwa nini hatukuonekana siku kadha wa kadha, na wengine wamesikia kuwa tulikwenda Nairobi kwa matibabu, wakaingiwa na wasiwasi. Tungeweza kuwajibu kwa neno moja, ya kuwa hapana neno alhamdulillahi, kisha tukanyamaza. Lakini katika safari ile tuliulizwa suala tukashindwa kulijibu. Na mwenye kujinasibu na ilimu akiulizwa akashindwa, haimpasi kulizika suala lile. Yampasa alitafutie jawabu, na jawabu alilete mbele za watu. Basi haya ndiyo tuliyoyapata.

Yapata miaka mitatu sasa tuna baka jeupe juu ya mkono wa kulia, baina ya kidole gumba na kidole cha shahada. Lilianza mfano wa punje ya mtama, likakua pole pole, na leo lingefunikwa na sarafu ya shilingi ishirini. Haliumi, haliwashi, halitoki maji, wala halituzuii kula wala kusali. Watu wetu huyaita maradhi haya mbalanga, Waarabu huyaita barasi, na madaktari huyaita vitiligo. Mwaka uliopita likatokea baka la pili, dogo, kwenye kifundo cha mkono ule ule. Hapo ndipo khofu ilipoingia. Kwani moja ni alama, lakini mawili ni safari.

Ndugu msomaji anajua mkono wa kulia wa mwalimu una kazi gani katika miji yetu. Watoto wa chuoni huubusu wajapo na waendapo, wazee huushika baada ya sala ya Ijumaa, na bwana arusi hushikana nao pale walii anapotuwakilisha kuozesha. Basi tukaanza kuuvuta ndani ya kanzu. Kisha tukawakataza watoto kuubusu, tukawaambia ya kuwa kubusu mikono ya masheikh si jambo la lazima, na kwamba sisi ni watu kama watu. Maneno hayo ni ya kweli, na baadhi ya ndugu zetu walitusifu kwa unyenyekevu wetu na kwa kupinga mazoea ya kuwatukuza watu kupita kiasi. Leo twaungama mbele yao: haukuwa unyenyekevu. Tulisema neno la haki ili tufiche baka.

Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo hatukumwambia mtu. Kila siku baada ya sala ya alfajiri tulikuwa tukiupeleka mkono dirishani, tukapiga mstari kwa kalamu ya wino pembezoni mwa baka, na kesho yake tukatazama kama limevuka mpaka. Udhu ukiuosha wino, tukaupiga tena. Siku ambayo baka halikuvuka hatukufurahi, kwani tulisema: labda kesho. Na siku tulipodhani limevuka, hatukusoma neno tukalifahamu siku ile. Ewe ndugu, angalia: maradhi yenyewe yalichukua mahali padogo juu ya mkono mmoja, lakini khofu yake ilichukua asubuhi zetu zote.

Hata tukaazimia kusafiri. Tukapanda treni ya reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, tukafikia kwa jamaa yetu akaaye Parklands. Kwa wasioijua, Parklands ni upande wa kaskazini-magharibi wa katikati ya mji wa Nairobi. Tangu zama za Waingereza ulikuwa ni mtaa uliokaliwa sana na Wahindi, Waislamu kwa wasiokuwa Waislamu, na hata leo misikiti na mahekalu yamekaribiana. Huko ndiko ilikofunguliwa Hospitali ya Aga Khan mwaka 1958, na pembezoni mwake pana madaktari wa kila namna, ambao watu wetu wa pwani huwaendea maradhi yakiwashinda nyumbani. Mmoja katika hao, daktari wa ngozi, ndiye tuliyemwendea.

Katika chumba cha kungojea tulikaa karibu na mama mmoja, ambaye tulimjua kwa lafudhi yake kuwa ni mtu wa kwetu, naye alitujua kwa kofia yetu. Alikuwa na binti yake apataye miaka ishirini. Baada ya kuamkiana na kuulizana khabari za nyumbani, akasema:

“Sheikh, Mwenyezi Mungu ndiye aliyekuleta. Mwanangu huyu ameposwa, na arusi ni baada ya mfungo. Ana mbalanga kidogo nyuma ya shingo na kwenye kiwiko, na nguo zafunika. Waliomposa hawajui. Jee, yatupasa kusema?”

Tukamjibu kama tulivyosomeshwa. Tukamwambia kuwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, barasi ni katika aibu zilizotajwa katika mlango wa nikahi, ambazo mmoja wa mume na mke akizikuta kwa mwenziwe ana khiari ya kuivunja ndoa. Na kuwa kuzificha ni ghashi, na ghashi ni haramu. “Semeni,” tukamwambia, “na mwenye kuondoka kwa sababu hiyo, heri aondoke leo kabla hajaingia nyumbani.”

Binti alikuwa kimya tangu mwanzo. Akainua uso, akasema kwa adabu: “Sheikh, niwaambie lipi? Hili lililoko, au lile litakalokuja? Kwani hili lililoko ni kama kiganja cha mtoto mchanga. Lakini nikilitaja, wao hawataliona hili. Watauona mwili mzima.”

Tulikuwa tungali twatafuta neno la kumjibu, mara muuguzi akatuita akatunyoshea cheti chetu. Tukakipokea kwa mkono wa kulia kama ilivyo mazoea, na mkono ukatoka kanzuni mpaka kifundoni. Binti akauona. Hakusema kitu, aliinamisha macho. Haya zikatushika, kwani sisi tuliokuwa tukimwamrisha kudhihirisha, mkono wetu ulikuwa umefichwa muda wote ule.

Daktari alikuwa mtu mpole. Alitugusa baka kwa pamba, kisha kwa ncha ya sindano, akituuliza kama twahisi. Kwani baka la ukoma aghalabu hupoteza hisia, na la mbalanga halipotezi. Kisha akatia kiza chumbani akatumulika kwa taa ya mwanga wa zambarau, na mabaka yetu yakang'aa meupe yenye kuelekea samawati. Akaagiza damu yetu ipimwe, kwa sababu wenye maradhi haya hupatikana na maradhi ya tezi ya shingo zaidi kuliko watu wengine. Akatueleza kuwa ngozi ya mwanadamu ina chembe zitengenezazo rangi, na kwamba askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi, huzidhania chembe hizo kuwa ni adui wakazipiga. Na zinapokufa, mahali pake hubaki peupe. Hayaambukizi kwa mkono, wala kwa kikombe, wala kwa nguo, wala kwa kitanda. Hayaletwi na uchafu, wala na kula samaki pamoja na maziwa kama wasemavyo wengi. Urithi wa damu una sehemu yake, lakini watoto wengi wa wenye mbalanga hawaipati.

Tukamwuliza lile lililotutoa Mombasa: “Jee, litaenea?” Akasema: “Nikikuahidi ya kuwa halitaenea, nitakuwa nimekudanganya. Na nikikwambia ya kuwa litaenea, nitakuwa nimekudanganya vile vile.” Akafafanua kuwa kwa wengine husimama miaka mingi, kwa wengine huendelea, na kwa wengine rangi hurejea mahali fulani ikapotea mahali pengine. Baka lililoongezeka karibuni lafaa kuangaliwa zaidi kuliko lililotulia, lakini hapana chombo kiwezacho kuiona mipaka yake ya mwakani. Akatupa mafuta ya kupaka, akatukataza kulisugua wala kulichoma kwa dawa kali, kwani jeraha huweza kuzaa baka jipya mahali pake. Na akatuonya tusihadaike na baridi ya Nairobi, kwa kuwa mji ule uko juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na jua lake huiunguza upesi ngozi isiyokuwa na rangi.

Tulipotoka, viti vya yule mama na binti yake vilikuwa vitupu. Tukaenda kwa miguu mpaka City Park, ile bustani yenye msitu iliyoko huko huko Parklands, ambako kima huwateremkia watu wakitaka njugu. Tukakaa juu ya benchi, na suala la yule binti likakaa nasi. Kwani tulipolitazama sawasawa tuliona kuwa ni lile lile tulilomwuliza daktari. Na ni suala la kila mtu mwenye jambo dogo ambalo hapana awezaye kumdhamini kuwa litabaki dogo: aishi na lililoko, au aishi na lisilokuja?

Kwanza tuseme kwamba khofu yenyewe si dhambi. Wako watu ambao mgonjwa akiwaambia “naogopa”, humjibu kuwa hana imani na kwamba hamtegemei Mola wake. Hawa huongeza maradhi juu ya maradhi. Bwana Mtume, s.a.w., kama alivyopokea Abu Daud, alikuwa akiomba kinga kwa Mwenyezi Mungu kutokana na barasi, na wazimu, na ukoma, na maradhi mabaya mengineyo. Basi ikiwa yeye aliomba kukingwa na barasi, ni nani awezaye kumlaumu binti wa miaka ishirini kwa kuiogopa?

Lakini Mtume huyo huyo ndiye aliyewaeleza sahaba zake khabari za mtu wa Yemen aitwaye Uways al-Qarani, kama ilivyo katika Sahihi ya Muslim: ya kuwa alikuwa na barasi, ikamwondoka isipokuwa mahali pa kiasi cha dirhamu; na ya kuwa alikuwa na mama akimtendea wema; na kwamba atakayeweza kumpata amwombe amtakie maghufira. Sayyidna Umar alikuwa akiwauliza watu wa Yemen kila walipokuja, hata akampata, akamwuliza juu ya lile baka, kisha akamwomba amtakie maghufira. Na katika baadhi ya mapokezi, Uways mwenyewe ndiye aliyemwomba Mola wake amwachie kidogo, ili kimkumbushe neema aliyoneemeshwa.

Tumeisoma khabari hii tangu utotoni, na hatukupata kuiona kama tulivyoiona juu ya benchi lile. Lile baka la dirhamu lilikuwa ni alama ambayo kwayo mbora wa watu wa zama zake alitambuliwa. Khalifa wa Waislamu aliliulizia, si ili amkimbie mwenyewe, bali ili amfikie. Tuyaweke basi mambo haya mawili pamoja: kuomba kinga kutokana na maradhi ni suna, na kumheshimu mwenye maradhi ni suna. Sisi katika miji yetu tumeishika nusu ya kwanza tukaiacha nusu ya pili.

Pili, yafaa tuiulize khofu inaogopa nini khasa. Sisi tuliiuliza yetu. Maumivu? Baka haliumi. Kifo? Hapana aliyekufa kwa baka jeupe. Ibada? Udhu unasihi, na sala inasihi. Tulipoyatoa yote hayo tukakuta kimebaki kitu kimoja tu: macho ya watu. Tuliogopa mtoto atakayeurudisha mdomo wake nyuma, na mzee atakayetupa salamu kwa mbali. Na hao watu ni nani? Ni majirani zetu, ni wanafunzi wetu, ni sisi wenyewe siku ambazo mabaka yako kwa mwingine. Madaktari hukadiria kuwa wenye mbalanga duniani ni baina ya mmoja katika kila watu 200 na mmoja katika kila watu 50. Kaunti ya Mombasa ilihesabiwa watu 1,208,333 mwaka 2019. Tukichukua kadiri ndogo kabisa, hisabu yake ni watu 6,000 na ushei. Jee, wako wapi? Wako katika safu zetu za sala, chini ya mikono ya kanzu, chini ya mitandio na mabuibui, kila mmoja akidhani kuwa yuko peke yake.

Wahenga wetu husema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi haya hayaleti kifo, lakini kuficha kwake kunaua kitu kingine. Kwani kila mmoja wetu anayejificha humthibitishia mwenziwe kuwa liko jambo la kufichwa. Hawakuwa hivyo waliotutangulia. Al-Jahiz wa Basra, aliyekufa mwaka 255 wa Hijra, sawa na mwaka 868, alitunga kitabu kizima juu ya watu wenye barasi, na viwete, na vipofu, na wenye makengeza, akataja ndani yake watu wenye vyeo na ufasaha. Naye mwenyewe jina hilo la Jahiz alipewa kwa sababu ya macho yake yaliyotokeza. Aliandika majina ya watu waziwazi, na sisi twanong'ona.

Tatu, iko tafauti baina ya hadhari na khofu, na mtu akiijua hupumzika nusu ya mzigo. Hadhari ina kazi, na kazi ikiisha hurudi nyumbani. Kumwendea daktari ni hadhari. Kupaka mafuta kwa wakati wake, kujikinga na jua kali, kuacha kusugua, yote hayo ni hadhari, nayo ni katika kutii amri ya kujitibu. Kupiga mstari wa wino kila alfajiri si hadhari, kwani mstari ule haulizuii baka wala hauliponyi, tena kazi yake haina mwisho. Wale waliokuwa na hadhari wamewafaa watu. Ibn al-Baytar wa Andalusia, aliyekufa Dameski mwaka 646 wa Hijra, sawa na mwaka 1248, aliandika juu ya mbegu za mmea mmoja ambazo mwenye barasi alikuwa akinywa kisha akakaa juani. Zaidi ya miaka 650 baadaye, katika miaka ya 1940, daktari wa Misri Abdel Monem El Mofty aliuchunguza mmea ule ule, na ile dawa iliyotolewa ndani yake akawatibia watu pamoja na mwanga wa jua. Kutokana na njia hiyo yalizaliwa matibabu ya mwanga, ambayo hata leo mgonjwa huyafuata mara mbili au tatu kwa wiki, miezi na miezi. Na uso huitikia upesi kuliko vidole. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha mafuta mapya ya kupaka ya kuirudisha rangi. Hakuna katika haya yote kilichopatikana kwa kulia dirishani.

Na mwenye kuikimbia hadhari huishia mikononi mwa waganga wa uwongo. Humtundika hirizi kwa fedha nyingi, au humchoma ngozi kwa dawa isiyojulikana, hata palipokuwa na baka pakawa na kovu. Hawa huuza khofu, wala hawana haja ya kuimaliza, kwani ndiyo bidhaa yao.

Sasa tumrudie yule binti. Tulimwambia aseme, na bado twashikilia hivyo, kwani ndoa iliyojengwa juu ya jambo lililofichwa huvuja siku moja, na huvuja kwa uchungu zaidi. Lakini jawabu letu lilikuwa nusu, na yeye aliijua nusu iliyopungua. Jawabu kamili ni hili: aseme lililoko, na aseme alivyoambiwa na daktari, hata kama daktari amesema kuwa hajui. Hapaswi kuapa juu ya kesho, wala hapaswi kuhukumiwa kwa mwili ambao Mwenyezi Mungu hajaamua kumpa. Na hili si jambo tulilolizua leo. Wako mafakihi wa madhehebu yetu waliosema kuwa khiari ya kuvunja nikahi huja kwa barasi iliyokwisha kushika barabara, ama mianzo yake, la. Maana yake ni kwamba wao nao walitafautisha lililoko na linaloogopewa. Tena wako Maimamu wengine, naye ni Abu Hanifa na mwanafunzi wake Abu Yusuf, ambao hawakuipa barasi khiari yoyote. Na Imamu Shafii mwenyewe, katika kitabu chake al-Umm, aliitegemea kauli ya matabibu na watu wa uzoefu wa zama zake, waliosema kuwa maradhi haya huweza kumfikia mwenzi wa ndoa. Sisi hatutoi hukumu mpya, wala hatuna daraja hiyo. Twasema tu kwamba mwenye kuifuata njia ya Imamu aliyewauliza matabibu, naye awaulize matabibu; na matabibu wa leo, kwa kauli moja, wasema hayaambukizi. Kilichobaki ni nafsi kuchukizwa na kitu machoni. Na macho hufundishwa. Kama tuliyafundisha kuchukia, twaweza kuyafundisha kuzoea.

Huenda msomaji akasema: ni rahisi kwa sheikh, mwanamume aliyepita miaka arubaini, mwenye mke na watoto, kulitoa baka lake hadharani, binti asiyeolewa ana la kupoteza. Ni kweli, wala hatuwezi kuikanusha. Mizani si sawa. Kwa hivyo mzigo wa kwanza si wake, ni wetu. Ni wa mama wa bwana arusi, anayeletewa khabari ya baka kama kiganja cha mtoto mchanga akauona mwili mzima. Tunamwuliza kwa upole: Bi mkubwa, mwanao umempima nini? Unajua moyo wake utakuwaje baada ya miaka kumi, au figo zake, au akili yake, au tabia yake? Kila nikahi tunayoifunga ni baina ya watu wawili ambao miili yao ya kesho haijulikani. Tafauti ya binti huyu na wengine ni kwamba yeye amepewa khabari ya mlango mmoja ambao huenda ukafunguliwa, na wengine hawakupewa khabari ya mlango wowote. Akiisema khabari hiyo kwa ulimi wake, amewapa wakwe zake kitu ambacho wengi hawatawapa, nacho ni ukweli kabla ya mahari. Mwenye akili huuthamini.

Na kwa nafsi yetu, haya ndiyo tuliyoyafanya tuliporudi. Ijumaa ya kwanza tulitoa mkono kwa kila aliyetusalimu. Wawili watatu waliuangalia kisha wakatuangalia usoni, na mmoja alitupa ncha za vidole. Chuoni mtoto mmoja akauliza, “Maalim, umeungua?” Tukamwambia la, ni rangi imeondoka. Akauliza, “Itarudi?” Tukamwambia hatujui. Akasema, “Haya,” akaenda kutafuta juzuu yake. Watoto bado twawaambia kuwa si lazima kuubusu mkono wa mwalimu, lakini sasa twalisema hilo mkono ukiwa nje.

Hatudai kuwa khofu imeondoka. Ziko alfajiri ambazo tunajikuta tunaelekea dirishani, na kalamu tunaijua ilipo. Baka la kifundoni laonekana limeongezeka kidogo, au labda ni macho yetu. Mwezi ujao tutarejea Parklands kumwona daktari, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya hadhari. Na siku zilizo kati tunajaribu kuzitumia katika mambo yake. Likienea, tutakuwa na mkono mweupe unaofundisha. Lisipoenea, hatutaki tuwe tumezipoteza siku zetu zote kwa kulingojea.

Ikiwa karatasi hii itamfikia mama yule au binti yake, basi twaomba radhi kwa jawabu lililochelewa, na kwa mkono uliokuwa ndani ya kanzu wakati tukiwaamrisha kusema. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na ayatengeneze macho yetu sisi tulio wazima.

Wabillahi tawfiq.